Kompyuta ya nyumbani yaweza kubeba kazi ya ushirika na duka?

KATIKA maeneo mengi ya vijijini nchini Tanzania, kompyuta imeacha kuwa kitu cha anasa. Chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kinatakiwa kuandika majina ya wanachama, kilo walizoleta ghalani, makato na namba za akaunti zao za benki. Mwenye duka la pembejeo anataka kujua mifuko mingapi ya mbolea imebaki stoo na nani bado anadaiwa. Mnunuzi wa mpunga na mwenye mashine ya kukoboa nao wameanza kuachana na kauntabuku.

Msukumo huo haukutokana na fasheni. Mwaka 2010 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walianza kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD), na baadaye utaratibu huo ukawafikia wengine. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23 ilitolewa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo wa kielektroniki. Tume ya Maendeleo ya Ushirika (TCDC) imeanzisha mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika, uitwao MUVU. Katika msimu wa 2024/25, minada ya korosho iliendeshwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Kwa hiyo, swali la kama chama au duka linunue kompyuta limekwisha kujibiwa na wakati. Swali lililobaki ni kompyuta ipi. Hapa ndipo fedha nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo zinapopotea, kwa sababu kinachonunuliwa mara nyingi ni kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya sebuleni, kisha inapewa kazi ya ofisi.

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba kompyuta ya nyumbani ina nguvu ya kutosha kwa kazi hizo, lakini upungufu wake hujitokeza siku inapoharibika. Gharama ya siku hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ununuzi, wala si bei iliyoandikwa kwenye boksi.

Nguvu si tatizo

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 600. Kila mwanachama ana jina, namba ya simu, akaunti ya benki, kilo, daraja la mazao, makato na malipo. Hata tukiweka safu 12 kwa kila mtu, tunapata visanduku 7,200 tu. Ukurasa mmoja wa programu ya Excel unapokea mistari 1,048,576. Ni dhahiri kwamba hakuna kompyuta inayouzwa leo itakayoshindwa na hesabu hiyo.

Maana yake ni kwamba muuzaji anayemshawishi mwenyekiti wa chama anunue kompyuta ya bei kubwa, yenye kadi ya picha kwa ajili ya michezo au kuhariri video, anauza kitu ambacho chama hakitakitumia. Ni sawa na kumuuzia mwenye ekari mbili trekta la shamba la ekari elfu moja.

Lakini yapo makosa ya upande wa pili. Zipo kompyuta mpakato mpya za bei ya chini, zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, ambazo zote mbili zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft ilikiweka kwa programu endeshi ya Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021. Kompyuta ya namna hiyo inazaliwa ikiwa mwisho wa uwezo wake. Baada ya miezi michache ya masasisho, hifadhi hujaa, mashine huwa nzito, na fundi hana la kuongeza kwa kuwa hakuna nafasi ya kuongeza.

Watengenezaji wana familia mbili

Wanunuzi wengi hawajui kwamba kampuni kubwa za kompyuta hutengeneza mashine za familia mbili tofauti. HP kwa miaka mingi ilitumia jina la Pavilion kwa ajili ya nyumbani, na ProBook na EliteBook kwa ajili ya ofisi. Lenovo ina IdeaPad kwa nyumbani na ThinkPad kwa ofisi. Dell kwa miaka mingi ilitumia jina la Inspiron kwa nyumbani na Latitude kwa ofisi, hadi mwaka 2025 ilipoanza kubadili majina na zile za ofisi zikaitwa Dell Pro. Kwenye maduka ya mashine zilizotumika, majina ya zamani ndiyo utakayokutana nayo.

Tofauti ya familia hizi inatokana na mnunuzi aliyelengwa. Kompyuta ya nyumbani hununuliwa na mtu mmoja dukani, ambaye huvutwa na wembamba, rangi, ukubwa wa kioo na bei. Ile ya ofisi hununuliwa na kampuni kwa mamia, na anayechagua ni fundi atakayelaumiwa ikiharibika. Fundi huyo huuliza maswali mengine kabisa: inafunguliwaje, vipuri vyake vinapatikana wapi, na modeli hiyo itaendelea kupatikana kwa muda gani?

Ndiyo maana nyingi za familia ya ofisi hufunguliwa kwa skrubu za kawaida, mwongozo wake wa matengenezo hutolewa hadharani na mtengenezaji, na kibodi za modeli nyingi hustahimili kumwagikiwa na maji kidogo. Modeli moja huuzwa kwa wingi mkubwa, kwa hiyo fundi akikosa kibodi mpya huipata kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kwa kompyuta ya nyumbani, modeli hubadilika mara kwa mara, na kipuri cha mwaka juzi huenda kisifanane na cha mwaka huu.

Waranti nayo hutofautiana. Mashine mpya ya nyumbani kwa kawaida huja na waranti ya mwaka mmoja. Mashine mpya za ofisi mara nyingi huuzwa na uwezekano wa waranti ya miaka mitatu. Hata hivyo, mnunuzi wa Newala au Mbarali ajiulize waranti hiyo itamfaa nini ikiwa kituo cha matengenezo kilichoidhinishwa kiko Dar es Salaam. Kwake yeye, fundi wa mjini anayeweza kuifungua mashine na kupata kipuri ni waranti bora kuliko karatasi.

Vumbi, joto na umeme

Mazingira ya kazi zetu ni tofauti na ya sebule. Msimu wa mauzo ya korosho katika mikoa ya kusini huanza Oktoba, wakati wa joto kali. Vitabu vya maelezo vya kompyuta nyingi husema joto la mahali pa kufanyia kazi lisizidi nyuzi 35. Ofisi ya bati isiyo na dari huweza kupita hapo saa nane mchana. Ghala lina vumbi, na vumbi hilo huziba feni. Mashine inayofunguka kirahisi hupulizwa na fundi kwa dakika chache, lakini iliyogundishwa hupikwa polepole hadi ife.

Barabara nazo zina sehemu yake. Karani anayebeba kompyuta kwa pikipiki kutoka kituo kimoja cha kupimia hadi kingine anaitingisha kila siku. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka haiwezi mtikisiko huo kwa muda mrefu. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, na ndiyo inayofaa. Hili ni sharti la kwanza, kabla hata ya kuuliza jina la kampuni.

Suala la umeme linahitaji hesabu ndogo. Tuseme kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inatumia wati 150, na kompyuta mpakato inatumia wati 40. Kwa saa 8 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, ya mezani itatumia uniti 31.2 na mpakato uniti 8.3. Tofauti ni karibu uniti 23 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye Luku yako, kisha zidisha kwa miezi 12, utaona kama bei nafuu ya kompyuta ya mezani bado ni nafuu. Kwa wanaotumia umeme wa jua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa paneli na betri.

Zaidi ya hapo, umeme ukikatika kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Mpakato yenye betri nzima humpa karani muda wa kuhifadhi na kufunga. Betri, kwa hiyo, ni sehemu ya usalama wa hesabu za wakulima.

Hesabu ya siku moja

Tufanye mfano mwingine, na msomaji abadilishe tarakimu kulingana na bei za kwao. Tuseme mpakato mpya ya nyumbani inauzwa Sh800,000 na katika mazingira tuliyoyaeleza inadumu miaka miwili. Gharama yake ni Sh400,000 kwa mwaka. Tuseme mpakato ya ofisi iliyotumika inauzwa Sh750,000, ikawekewa betri mpya ya Sh90,000 na RAM ya Sh60,000, jumla Sh900,000, na ikadumu miaka mitatu. Gharama yake ni Sh300,000 kwa mwaka. Iliyoonekana ghali siku ya kununua imekuwa nafuu.

Lakini hiyo bado ni sehemu ndogo ya hesabu. Tuseme chama chetu cha watu 600 kinaandaa orodha ya malipo, na wastani wa malipo ni Sh200,000 kwa mwanachama. Hizo ni Sh120 milioni. Kompyuta ikafa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka orodha benki, na nakala haikuwepo. Karani anaanza upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, na malipo yanachelewa kwa wiki nzima.

Katika wiki hiyo, watoto wanadaiwa ada na mashamba yanadai vibarua. Tuseme robo ya wanachama, yaani watu 150, wanalazimika kukopa Sh100,000 kila mmoja kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10. Riba peke yake ni Sh1.5 milioni. Fedha hizo zinazidi bei ya kompyuta yenyewe, na wanaozilipa ni wakulima ambao hawakushirikishwa kuichagua.

Upo pia uzito wa makosa ya haraka. Orodha inayoandikwa upya usiku na karani aliyechoka huzaa tarakimu zilizokosewa kwenye akaunti, na fedha huweza kukataliwa na benki au kuingia kwa mtu mwingine. Mkulima hatailaumu kompyuta. Atasema viongozi wamekula fedha yake, na chama kitapoteza kitu ambacho ni kigumu kukirudisha kuliko faili.

Mitumba ya ofisi

Kwa mtazamo wa makala haya, chaguo linalofaa kwa vyama na wafanyabiashara wengi wadogo ni kompyuta ya familia ya ofisi iliyokwisha kutumika nje na kuingizwa nchini. Maduka ya Kariakoo na ya miji ya mikoani yanazo. Kampuni za nje hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima.

Hata hivyo, soko hili lina mitego yake, na mmoja ni mkubwa kwa wakati huu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zisizoweza kupokea Windows 11 zimeshuka thamani huko zilikotoka, na bei yake inamvutia mnunuzi. Kwa mashine za Intel, kwa ujumla kizazi cha nane na kuendelea ndicho kinachokubalika kwa Windows 11. Soma namba iliyo baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja.

Kizazi cha sita si takataka. Kinaweza kuwekewa Ubuntu na programu ya LibreOffice, vyote bila malipo ya leseni, na kikaandika hesabu vizuri. Lakini mnunuzi ajue anachonunua, na alipe bei inayolingana nacho. Pia ahakikishe kwamba mfumo wowote anaotakiwa kuutumia, wa serikali au wa benki, unafunguka kwenye mashine hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aombe kuiwasha mashine bila chaja na kuitumia kwa nusu saa. Kwenye Windows, afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka huonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, bei ya betri mpya ipunguzwe kwenye bei ya mashine. Ajaribu kila herufi ya kibodi na kila tundu. Azime na kuwasha tena ili kuona kama kuna nywila iliyoachwa na mwenye mashine wa kwanza, kwa kuwa ikiwepo inaweza kumfungia nje. Mwisho, adai risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Risiti hiyo inalinda haki yake ya kuirudisha, na inamkinga asije akaonekana amenunua mali ya wizi.

Simu inatosha wapi?

Si kila mtu anahitaji kompyuta. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea, M-Pesa ikiwa imeingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa ofisi ya mfanyabiashara mdogo. Muuza mboga, mchuuzi wa mayai au mkulima wa ekari tatu anayetaka kujua bei, kulipa na kulipwa hana sababu ya kufunga mtaji wake kwenye mpakato. Kwake, simu nzuri yenye betri inayodumu na nakala ya majina ya wateja inatosha.

Mpaka unaonekana pale kumbukumbu zinapokuwa za watu wengine. Mwenye duka la pembejeo anayekopesha wateja 80, au karani anayeandaa taarifa zitakazokaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), anahitaji kioo kinachoonyesha safu nyingi kwa pamoja, kibodi na printa. Kuandika hesabu hizo kwa kidole gumba ni kukaribisha makosa.

Kwa mwenye duka anayefanya kazi peke yake, ambaye tayari ana kompyuta ya nyumbani iliyo nzima, hakuna haja ya kuitupa. Aiwekee SSD kama inafunguka, ahifadhi nakala, na aitenge na matumizi ya watoto. Fedha ya mashine mpya inaweza kusubiri.

Kitu ambacho hakinunuliwi dukani

Hata mashine bora hufa au huibwa. Kanuni ya mafundi ni kuwa na nakala tatu za kumbukumbu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Kwa chama, hiyo ni faili kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje inayofungiwa kwenye sefu, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila inayotunzwa na mjumbe wa bodi mahali pengine. Katika msimu wa kupima, nakala zifanywe kila jioni.

Suala la usiri nalo lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na orodha ya majina, simu na akaunti za wanachama ni taarifa binafsi. Kompyuta inayokwenda nyumbani kwa katibu jioni, ikachezewa michezo na kuchomekwa flashi za kila mtu, haiwezi kulinda taarifa hizo. Iwe na nywila, na kila anayeitumia awe na akaunti yake. Toleo la Windows liitwalo Pro, ambalo mashine nyingi za ofisi huja nalo, lina zana ya BitLocker ya kufunga diski nzima, kiasi kwamba mwizi akiiba mashine hasomi kilichomo.

Bodi za vyama zina nafasi ya kurekebisha mambo haya kwa gharama ndogo. Kompyuta iingizwe kwenye bajeti inayopelekwa kwenye mkutano mkuu, pamoja na betri, diski ya nje na fungu la fundi, badala ya kununuliwa kwa haraka msimu ukiwa umeshaanza. Inunuliwe walau mwezi mmoja kabla ya mizani kufunguliwa, ili karani aizoee na kasoro zake zijulikane mapema. Na mwanachama yeyote ana haki ya kusimama kwenye mkutano huo na kuuliza swali moja: kompyuta ikifa usiku wa leo, orodha ya malipo yetu iko wapi? Chama ambacho viongozi wake hawawezi kulijibu hakina budi kulitafutia jibu kabla ya gunia la kwanza kupandishwa kwenye mzani.